Namna ya Kuitambua Bryum argenteum Ukiwa Rusumo

Ukifika Rusumo utavutwa na maporomoko ya Mto Kagera. Usianzie huko. Mawe yanateleza, na kuvumwani za pale zitakuchanganya bure. Anza na moja ndogo inayopenda makazi ya watu: Bryum argenteum. Inaota katika kila bara, hata Antaktika. Ukiijua hapa, utaijua popote.

Tafuta chini: ngazi za saruji, kingo za mitaro, makalavati ya barabara ya lami inayotoka Benaco, nyufa za matofali. Mara nyingi urefu wake hauzidi sentimita moja, kwa hiyo piga magoti.

Itazame kwanza ikiwa kavu. Wengi huimwagia maji kabla hawajaiangalia, na mng'ao unafifia. Ikikauka hung'aa rangi ya fedha, kwa sababu sehemu ya juu ya kila jani haina klorofili. Kwa hiyo nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Kivulini huwa na ukijani zaidi, basi chagua iliyopigwa jua.

Sasa toa lenzi inayokuza mara 10. Chomoa shina moja tu. Majani yamelaliana kama vigae na yamebana shina pande zote. Ukibahatika kuona vifuko vya spora, vitakuwa vyekundu vya kahawia, vimening'inia kichwa chini.

Je, majani ni ya kijani mpaka nchani, na yakikauka hujikunja kwa ndani? Hasa kama umeyakuta kwenye jiwe la mtoni, fikiria kuvumwani nyingine, Hyophila.

Palipochomwa moto, kama kwenye tanuri la mkaa, tegemea Funaria hygrometrica. Vikonyo vyake ni virefu, na vifuko vimevimba upande mmoja. Pulizia kikonyo kikavu pumzi yenye unyevu, kitajisokota mbele ya macho yako. Jaribu, inapendeza sana.

Chukua kipande cha ukubwa wa kucha, ukiweke kwenye bahasha ya karatasi. Nailoni huozesha. Juu ya bahasha andika tarehe, mahali, na kitu ilichoota juu yake: saruji, udongo au jiwe.

Karibu na daraja na kituo cha mpakani, omba ruhusa kwa maofisa kabla ya kupiga picha.

Kuhusu jina: ukiona mng'ao wa fedha, majani yaliyobana shina na ncha zisizo na kijani, andika Bryum argenteum bila wasiwasi. Alama moja ikikosekana, andika Bryum peke yake na uitunze bahasha.