Malazi ya Watoto Melini

*Bwana Mtaalamu, tutasafiri siku 7 kutoka Dubai kwa meli ya utalii, nasi tuna watoto wa mwaka 1 na miaka 3. Chumba ni kimoja, chembamba. Tutalalaje? Mama wa Wawili, Muscat*

Hofu yako, bibi, nimeifahamu, nayo ina haki, kwani chumba cha meli hukusudiwa watu wazima wawili, na vitanda vya ziada aghalabu hushushwa kutoka darini, mahali ambapo mtoto aliye chini ya miaka 6 hafai kulazwa abadani. Mkubwa, basi, apewe kochi linalokunjuliwa, upande mmoja ukiegemea ukuta. Kwa mdogo, mwandikie wakala wako leo hii akuombee kitanda cha wavu, maana melini havipo vingi. Huchukua nafasi ya sentimita 100 kwa 70 hivi, nacho kikae mbali na mlango wa roshani na kamba za pazia, bila mto ndani yake. Masanduku matupu yasukumeni mvunguni, sakafu ipate wasaa. Mawimbi yakimtapisha mtoto hata maji yasikae tumboni, mwite tabibu wa meli upesi, wala usimpe dawa ya kichefuchefu kabla ya kumuuliza.