Kabla ya kuziba mlango wa ndani, fikiri juu ya hewa



Milango mingi ya ndani inakula nafasi. Chumba chenye milango miwili hakina ukuta mzima wa kuegemeza kitanda, na watu wanapita katikati ya wenye kulala. Ndiyo maana wengi kwenye kampi wanaziba mlango mmoja, au wanautoa katikati ya ukuta na kuupeleka karibu na pembe, ufungukie ukutani na si kitandani. Kazi hiyo ni nzuri ikifanywa kwa akili. Tujifunze mambo manne.

1. Mlango ni njia ya hewa pia

Hewa inaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Ukiziba mlango wa chumba chenye dirisha dogo, hewa inasimama. Mtu wa nyumba akiwa na kifua kikuu na kukohoa, vijidudu vinabaki hewani na watoto wanavivuta usiku kucha.

Basi, jaribu kwanza. Funga mlango ule kwa usiku tatu bila kuuziba. Kama asubuhi kuta zina maji na chumba kina harufu nzito, usiuzibe mpaka umepanua dirisha au umetoboa matundu ya hewa juu ya ukuta wa nje. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka.

2. Mbabula ibaki nje

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Katanga inawafanya watu waingize mbabula chumbani. Makala yanayowaka yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni, zaidi ya mara 200. Katika chumba kilichozibwa mlango, inajaa upesi zaidi.

Sisi watu wa mgodi tusiidharau gesi hii. Mwaka 1896 munganga John Scott Haldane wa Uingereza alionyesha kwamba katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe, wengi waliokufa waliuawa na gesi hiyo, si na mlipuko wenyewe.

Ishara zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, usingoje: fungua milango, watoe wote nje, uwapeleke hospitali. Wala usitegemee matundu ya hewa. Hata chumba chenye matundu, mbabula isiingie.

3. Njia ya kukimbia

Moto mara nyingi unaanzia jikoni. Je, mlango unaotaka kuziba ndio njia pekee ya watoto kutoka bila kupita jikoni? Kama ndivyo, uache. Dirisha lenye vyuma halimtoi mtu.

4. Kazi ya ukuta

Kama nyumba ni ya kampuni, omba ruhusa kwanza. Halafu mwite masoni aangalie kama ukuta unabeba paa. Ukifungua mlango mpya, tegemeza kwanza ukuta kwa mbao imara, kisha weka lento juu, yaani boriti inayobeba matofali ya juu ya mlango. Iingie ukutani sentimita 20 hivi kila upande. Anayebomoa bila lento anaweza kuangukiwa na matofali.

Ukiziba mlango wa zamani, lento yake usiitoe. Toa fremu ya mbao, toboa ukuta wa zamani kandokando, uingize matofali mapya humo kila safu ya pili au ya tatu, ili ukuta ushikane. Ukuta uliochomekwa tu unaweza kusukumwa na mtoto ukaanguka. Matofali ya kuchoma yalowanishwe kabla ya kujenga. Kata umeme kabla ya kupiga nyundo karibu na waya.

Maswali ya kujibu pamoja nyumbani

Baada ya kuziba mlango, hewa itaingia wapi na kutoka wapi?
Usiku moto ukiwaka jikoni, kila mtoto atatoka kwa mlango gani?
Mbabula inalala wapi?

Mkikosa jibu la swali hata moja, acheni matofali kwanza.