Malimwengu Yasiyohesabika

Kijana mmoja wa Bunda ametuuliza swali ambalo hatukulitazamia. Amesikia ya kwamba baadhi ya wataalamu wa siku hizi hudhani huenda zipo dunia na mbingu nyingine nyingi, mbali na ulimwengu huu wetu. Tena ya kwamba vitabu vya kale vya Wahindu vilikwisha kulisema jambo hilo. Basi ataka kujua kama imani katika Muumba mmoja yaweza kusimama.

Kwanza tuyatenganishe majina. Si kila Mhindi ni Mhindu. Kati ya Wahindi waliohamia miji ya Afrika ya Mashariki wamo Waislamu, kama Waismailia na Mabohora, na wamo Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki wenzetu. Wahindu ni wale ambao wazee wa pwani waliwaita Mabaniani. Gandhi, ambaye tuzo ya amani yenye jina lake ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, kwa Mwalimu Nyerere wa Butiama, alikuwa Mhindu.

Mafundisho yenyewe yamo hasa katika vitabu viitwavyo Purana, vilivyoandikwa kwa Kisanskriti. Humo ulimwengu huitwa Brahmanda, yaani yai la Brahma, mungu aumbaye. Ndani ya yai mna tabaka 14, saba za juu na saba za chini. Bhagavata Purana yasema kwamba yai hilo limefunikwa na maganda saba, kila moja likiuzidi unene wa lililo ndani yake mara 10. Na hata hivyo mayai ya namna hiyo hayana idadi, nayo huelea ndani ya Mungu mfano wa chembe za vumbi. (Kiswahili chatumia neno malimwengu kwa mambo ya dunia, hapa tunaliazima kwa maana nyingine.)

Hesabu ya nyakati nayo yatisha. Mchana mmoja wa Brahma ni miaka 4,320,000,000, na usiku wake vivyo hivyo. Wataalamu wa leo huikadiria dunia yetu kuwa na umri wa miaka 4,500,000,000 hivi, na wako waliopiga vigelegele kwa kuona hesabu hizi zinakaribiana. Sisi hatuwafuati. Hesabu ile ya kale ilipatikana kwa kuzidisha: enzi ya mwisho ni miaka 432,000, enzi zote nne pamoja ni mara 10 ya hiyo, na mizunguko 1,000 ya enzi nne ndiyo mchana mmoja. Haikutoka katika darubini. Wala hao wataalamu wa leo hawajauona ulimwengu wa pili. Ni kisio lao tu.

Na Kanisa? Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba ulimwengu ni mmoja. Lakini mwaka 1277 Étienne Tempier, Askofu wa Paris, alilaani kauli 219, mojawapo ikiwa ile isemayo kwamba Mungu hawezi kuumba malimwengu mengi. Kwa hiyo kijana wetu asiwe na hofu: wingi wa viumbe haumpunguzi Muumba. Tunapoachana na Purana ni penginepo, yaani pale zisemapo kwamba kuumbwa na kuangamia huzunguka pasipo mwanzo wala mwisho.

Hata hivyo, yafaa tujue Wahindu walilitumiaje wazo hili. Brahmavaivarta Purana yasimulia habari za Indra, mfalme wa miungu, aliyeshinda vita, akajaa majivuno, akaamuru ajengewe jumba. Kila fundi Vishvakarma alipodhani kazi imekwisha, mfalme alitaka kubwa zaidi. Siku moja akaja mtoto, akasema hajapata kumwona Indra yeyote aliyelimaliza jumba kama hilo. Mfalme akacheka: kwani wamekuwako Indra wangapi? Mara sisimizi wakapita sakafuni kwa safu ndefu, na mtoto akacheka naye. Alipobanwa aeleze, akajibu kwamba kila mmoja wa wadudu wale alipata kuwa Indra zamani, katika malimwengu yaliyokwisha kupita.

Indra akamwita fundi, akampa zawadi nyingi, akamruhusu aende nyumbani kwake.