Wito Si Cheo

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Masomo ya kusoma kwanza: Kutoka 31:1–11, 1 Samweli 3:1–10, Mathayo 25:14–30



Tukiulizwa ni nani mwenye wito katika mtaa wetu, wengi wetu tutamtaja padre. Labda tutaongeza na shemasi, na katekista, na yule binti aliyekwenda kuingia utawa. Kisha tutanyamaza. Fundi seremala aliyetengeneza mabenchi tunayokalia hatumtaji. Hatumtaji mama anayefua vitambaa vya altare kila juma, wala kijana anayewasomea barua wazee ambao macho yao yamefifia. Na wao wenyewe hawajitaji, maana wamezoea kufikiri kwamba wito ni wa watu wa kanzu.

Kosa hili si dogo. Mtu asiyeamini kwamba ameitwa hatatafuta alichoitiwa. Tunao vijana waliopata matokeo mabaya ya mtihani wa Kidato cha Nne, wakarudi nyumbani wakidhani kwamba Mungu amemalizana nao. Tunao watu wazima waliofika miaka hamsini na zaidi, nao wasema, “Mimi nimekwisha pitwa.” Tena wako wengine wanaofanya kazi njema kila siku, lakini huifanya kwa huzuni, kwa kuwa hawakupata cheo walichokitaka. Basi mwezi huu na tujifunze pamoja wito ni nini, na jinsi mtu awezavyo kuutambua wa kwake.

1. Fundi aliyejazwa Roho

Twasoma katika kitabu cha Kutoka kwamba Mungu alitaka hema ya kukutania ijengwe jangwani. Musa alikuwako, na Haruni kuhani alikuwako. Lakini Musa hakujua kufua dhahabu, wala Haruni hakujua kuchonga mti. Ndipo Mungu akamtaja kwa jina Bezaleli wa kabila la Yuda, akamwambia Musa kwamba amemjaza Roho wake. Kwa ajili gani? Si kwa kuhubiri wala kwa kutabiri. Ni kwa kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mti. Kisha akampa mwenzake wa kumsaidia, Oholiabu wa kabila la Dani.

Tuangalie jambo hili vizuri. Katika Maandiko, mtu wa kwanza kutajwa kwa jina kwamba Mungu amemjaza Roho ni fundi. Tukiendelea hadi sura ya 35, twaona pia wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao, nao wahesabiwa pamoja na wenye hekima ya moyo. Hapo twaona tena kwamba Bezaleli na Oholiabu walipewa moyo wa kuwafundisha wengine. Kipawa hakikutolewa ili mtu asifiwe peke yake. Kilitolewa kwa ajili ya hema ya watu wote, na kwa ajili ya kuwafundisha wale watakaokuja nyuma.

Nasi tunao ushahidi wa jambo hili karibu nasi. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Jina la Askofu Edward Steere aliyesimamia kazi ile twalijua. Majina ya waashi na vibarua wengi hatuyajui. Hata hivyo, kila padre anayeadhimisha Ekaristi pale anasimama chini ya kazi ya mikono yao.

2. Sauti iliyohitaji mzee

Wengi husema, “Mimi sijasikia sauti yoyote.” Basi tumtazame mtoto Samweli. Yeye aliisikia sauti, wala hakujua ni ya nani. Mara tatu aliamka na kumkimbilia Eli. Ni Eli aliyetambua kwamba Bwana ndiye amwitaye, akamfundisha jinsi ya kujibu.

Hapa tuna mafundisho mawili. La kwanza, Samweli aliitwa akiwa kazini. Alikuwa akimtumikia Bwana mbele ya Eli, katika kazi ndogo za kila siku kama kufungua milango ya nyumba ya Bwana asubuhi. Asiyetaka kuanza mpaka aonyeshwe kazi kubwa huenda akangoja maisha yake yote. La pili, Samweli hakujitambua peke yake. Alihitaji mzee, na mzee mwenyewe alikuwa na kasoro nyingi: macho yake yalikuwa yamefifia, na wanawe walikuwa wamemshinda. Hata hivyo Mungu alimtumia. Yatupasa kuwasikiliza wanaotujua: wazazi, mwalimu, padre, jirani wa siku nyingi. Mara nyingi wengine huona kipawa chetu kabla sisi hatujakiona. Mtu anayejidai kuwa ana wito, lakini hakubali kupimwa na mtu yeyote, ana hatari ya kuyaita mapenzi yake sauti ya Mungu.

3. Hatari ya talanta moja

Mfano wa talanta twausikia mara kwa mara, lakini tukisikia neno “talanta” huenda tukadhani ni sarafu ndogo. Sivyo. Talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kwa hiyo kibarua angefanya kazi kwa muda wa miaka ishirini hivi ili aipate talanta moja. Yule mtumwa wa tatu hakupewa kidogo. Alipewa mali nyingi, ila aliiona ndogo, labda kwa sababu aliitazama pamoja na tano za mwenzake.

Tena tuone kwamba hakuiba, wala hakutapanya. Aliificha tu ardhini, akaitunza vizuri. Sababu aliyoitaja mwenyewe ni hofu. Alimfikiria bwana wake kuwa mtu mgumu. Tukimfikiria Mungu hivyo, nasi tutafukua shimo. Tutasema, “Nisipojaribu, sitakosea.” Lakini Bwana katika mfano huu hakumkemea mtu aliyejaribu akapata hasara. Alimkemea yule ambaye hakujaribu kabisa.

4. John Swedi, shemasi

Sasa tumtazame mtu wa Kanisa letu. Tarehe 31 Agosti 1864, Askofu William Tozer na Padre Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu walifika Unguja. Mwaka ule Sultani Majid aliwakabidhi watoto watano wa kiume waliotwaliwa kutoka jahazi ya watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi. Kwa hesabu ya dunia mtoto huyo hakuwa na kitu. Alikuwa ametengwa na nyumbani kwao, na watu walikuwa wamemhesabu kama mzigo wa kuuzwa.

Alifundishwa, akabatizwa, akakua katika kazi ya misheni. Mwaka 1879 Askofu Steere alimwekea mikono, naye akawa shemasi, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misheni ile. Baadaye wengine walipanda zaidi. Cecil Majaliwa, ambaye naye alikuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo, akafanya kazi Chitangali kati ya Wayao. Swedi yeye alidumu katika ushemasi.

Je, tuseme kwamba Majaliwa alifaulu na Swedi alishindwa? Hasha. Ushemasi maana yake ni utumishi. Mtu anayedumu katika utumishi hakukwama njiani, amefika alikoitwa. Wito hupimwa kwa uaminifu katika kazi uliyopewa, wala haupimwi kwa ngazi ulizopanda.

Na Steere mwenyewe alikuja akikusudia kukaa kwa muda tu ili amsaidie rafiki yake. Alikuwa amesoma sheria, naye alipenda kazi ya kupiga chapa vitabu. Unguja alikutana na lugha yetu, akaona kwamba watu wanahitaji Maandiko katika Kiswahili. Akaanza kukusanya maneno, kutafsiri na kupiga chapa pamoja na vijana wa shule.  Alifanywa askofu mwaka 1874, akafa Unguja mwaka 1882. Ujuzi aliokuwa nao kwanza ulikutana na haja ambayo hakuitazamia, na hapo wito wake ukaonekana.

5. Mama aliyeona haya

Akina mama wetu wa Umoja wa Akina Mama wamjua Mary Sumner, aliyeuanzisha huko Uingereza mwaka 1876. Alikuwa mke wa padre, naye alikuwa na umri wa karibu miaka 48. Aliwaita mama wa parokia yao nyumbani kwake azungumze nao juu ya malezi ya watoto. Yasimuliwa kwamba walipokusanyika aliona haya hata hakuweza kusema, akawaomba warudi wiki ya pili. Wakarudi, naye akasema. Mwaka 1885 alialikwa kusema na wanawake wengi katika mkutano wa Kanisa mjini Portsmouth, na kutoka hapo kazi ikaenea.

Wenye haya na watie moyo. Kushindwa kusema siku ya kwanza si dalili kwamba hukuitwa. Na wenye umri mkubwa wajue kwamba Mungu hahesabu miaka kama mwajiri ahesabuvyo.

6. Maswali matatu ya kujipima

Basi, mtu afanyeje ili autambue wito wake? Twashauri kila mmoja akae kimya mbele za Mungu, ajiulize maswali haya matatu.

La kwanza: Nina nini mkononi? Usianze kwa kuhesabu ulichokosa. Pengine wajua kulima, kushona, kuimba, kuhesabu fedha bila kupoteza senti, kupatanisha wagomvi, au kukaa na mgonjwa bila kuchoka. Hivi vyote ni vipawa.

La pili: Ni haja gani iliyo mbele yangu? Kipawa kisichokutana na haja ya jirani hubaki pambo. Mara nyingine haja yenyewe si ile tuliyoipenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

La tatu: Wanaonijua wanashuhudia nini? Waulize wawili au watatu wacha Mungu, nawe uwe tayari kusikia jibu usilolitaka.

Mahali majibu matatu yanapokutana, anza hapo, hata kama ni kwa kazi ndogo. Ukiwa umekosea, Mungu atakuelekeza ukiwa njiani.

7. Neno kwa wazazi na kwa mtaa mzima

Tusiseme habari hizi kana kwamba kila mlango uko wazi. Wako mabinti walioacha shule ili wauguze wazazi wao. Wako vijana wenye akili ambao karo iliwashinda. Tusiwaambie tu, “Tumieni vipawa vyenu,” kisha tukaenda zetu. Mwili ni mmoja, na kiungo kimoja kikifungwa, mwili wote umefungwa. Halmashauri ya mtaa na iulize: Ni kijana gani kati yetu aliyekwama kwa jambo ambalo sisi tungeweza kulichangia? Fundi cherehani mmoja akimkubali mwanafunzi mmoja bila malipo, amefanya kama Bezaleli.

Nanyi wazazi, msiwalazimishe watoto wabebe ndoto zenu. Hana alimtoa Samweli kwa Bwana, lakini sauti ilimwita Samweli mwenyewe. Mtoto anayependa injini asidharauliwe kwa sababu baba alitaka daktari. Wala binti mwenye kichwa cha hesabu asiambiwe kwamba kazi hiyo ni ya kaka zake. Siku ya hesabu Bwana ataidai talanta kwa mwenyewe aliyepewa, nasi tulioifukia talanta ya mtoto wetu tutajibu nini?

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja watu watatu katika mtaa wetu ambao kazi yao haionekani. Ni lini tuliwashukuru mara ya mwisho?
2. Kwa nini mtumwa wa tatu aliogopa? Hofu ya namna hiyo tunaionaje miongoni mwetu?
3. Eli alimsaidia Samweli ingawa alikuwa na kasoro. Sisi wazee tunawasaidiaje vijana kutambua wito wao?
4. Kila mmoja amwambie aliye karibu naye kipawa kimoja alichokiona kwake.

Tuombe

Ee Mungu, uliyemjaza fundi Roho wako na kumwita mtoto usiku, utuonyeshe ulichotuwekea mikononi. Utuondolee hofu inayotufanya tufukie, na kiburi kinachotufanya tutafute cheo. Uwafungulie njia wale waliofungiwa, nawe ututumie sisi kuwafungulia. Utujalie kudumu kwa uaminifu mahali ulipotuweka, hata siku ile utakapotuita tutoe hesabu kwa furaha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.