Maana ya Uungwana na Khabari ya Kafaa

Neno "mwungwana" katika miji ya pwani lilikuwa na maana mbili tangu zamani. Ya kwanza ni mtu huru aliyezaliwa na wazee huru, kinyume cha mtumwa. Ya pili ni mtu mwenye adabu, atimizaye ahadi, asiyemvunjia jirani heshima yake. Utumwa ulifutwa kisharia Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Maana ile ya kwanza ilipasa ife pamoja nao, lakini haikufa. Ilihamia barazani, ikakaa katika mambo ya posa.

Huja kijana kuposa, naye ni mwenye kuswali na mwenye kazi ya halali, akajibiwa: "Huyu si mwenzetu." Mzee akiulizwa sababu, husema kuwa hiyo ndiyo kafaa, na kafaa imo katika madhehebu ya Imamu Shafi'i. Naam, imo, wala hapana aikanushaye. Lakini na itazamwe kama ilivyoandikwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amehisabu katika Minhaj mambo matano: kusalimika na aibu zinazovunja ndoa, uhuru, nasaba, kujihifadhi na maasi, na kazi. Mali hayamo, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Basi tazama, ewe msomaji, hilo la nne: fasiki si kufu wa mwanamke aliyejihifadhi. Ni wangapi walisomao la tatu wakaliruka la nne! Mlevi mwenye shajara ndefu hupokewa kwa ubani na marashi, na mcha Mungu asiye na shajara hurudishwa mlangoni. Na kitabu kile kile kitolewacho hoja ndicho kimwambiacho huyo mlevi kuwa hakufai kufu.

Tena kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, wala si sharti ya kusihi nikahi. Akiridhika mwanamke, na akaridhika walii aliye karibu, nikahi imesihi, na walii wa mbali hana la kuteta.

Wala nasaba haikutupwa. Mtume (S.A.W.) aliulizwa ni nani mtukufu zaidi katika watu, akajibu kuwa ni yule amchaye Mungu zaidi. Wakasema hawakuuliza hilo. Akawatajia Nabii Yusuf, aliye Nabii, mwana wa Nabii, mjukuu wa Nabii. Wakasema wala si hilo. Ndipo alipojua kuwa wauliza asili za Waarabu, akawaambia kuwa waliokuwa bora zama za ujahili ndio bora katika Uislamu, wakiwa wameifahamu dini. (Jawabu ya kwanza haikuwatosha wao, basi si ajabu isipowatosha watu wa baraza.) Nasaba, basi, imepewa cheo, na cheo hicho kimefungiwa sharti.

Fatima binti Qays alikuwa mwanamke wa Kikureshi. Alipokwisha eda aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, wote Makureshi. Mtume (S.A.W.) akamwashiria aolewe na Usama, ambaye baba yake, Zaid, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Fatima akachukia. Akaambiwa tena, akaolewa naye. Na mwenyewe akasimulia baadaye kuwa Mungu alitia kheri katika ndoa ile hata akaonewa wivu.