Kompyuta Izimikayo Mchana: Je, Mkosaji ni Jua?

Na ifikiriwe nyumba ya mwalimu wa sekondari katika kata ya Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba. Ni mwezi wa Agosti, kiangazi. Mezani, chini ya paa la bati lisilo na dari, ipo kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na ndani yake zimo alama za mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Kila ifikapo saa nane mchana kompyuta hiyo huzimika ghafla bila onyo. Ikiachwa nusu saa huwaka tena, hufanya kazi kwa dakika kumi, kisha huzimika. Usiku hufanya kazi vizuri mpaka mwenyewe achoke. Fundi wa kwanza asema kwamba ni joto la jua, na dawa yake ni kungoja mvua. Fundi wa pili asema kwamba ubao mkuu umeungua, ununuliwe mwingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kitu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kisa chenyewe ni cha kawaida mno, na gharama yake ni ya kweli: ubao mkuu si kitu cha bei ndogo, na alama za wanafunzi zikipotea hazinunuliki. Tena kisa hiki chafaa sana kwa somo la fizikia, kwa kuwa jawabu lake lapatikana kwa kipimajoto, saa, kalamu, na kanuni ambayo kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu amekwisha kuisoma.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba Bukoba si mji wa joto kali. Mji huu uko kando ya Ziwa Viktoria, ambalo uso wake ni kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake vyapanda juu zaidi ya hapo. Joto la mchana kivulini huwa karibu nyuzi 26 za sentigredi takriban mwaka mzima. Dar es Salaam hupata nyuzi 32 katika miezi ya joto, na huko kompyuta nyingi hufanya kazi bila kuzimika. Ikiwa mashine haiwezi kustahimili mchana wa Bukoba, basi kulilaumu jua peke yake ni kukosa hoja.

Ni kweli kwamba mwinuko una athari yake. Katika kimo cha Bukoba hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa kiasi cha sehemu 12 katika 100. Feni ya kompyuta husukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini ujazo huo una tungamo dogo zaidi, hivyo huchukua joto pungufu. Hasara hiyo ni ya nyuzi chache tu. Yapunguza faida ya ubaridi wa Bukoba lakini haitoshi kuizima mashine iliyo nzima.

Njia ya joto na kanuni ya Ohm

Umeme wote uingiao katika kichakataji, yaani kile kipande cha silikoni kifanyacho hesabu, hugeuka kuwa joto. Kichakataji cha wati 65 hutoa joto kama balbu ya zamani ya wati 60, lakini katika eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Joto hilo sharti litoke. Kwanza hupita kwa upitishaji kutoka silikoni kwenda katika bamba la alumini au shaba lenye mapezi mengi, kupitia utando mwembamba wa krimu maalumu. Kisha feni husukuma hewa katikati ya mapezi, na hewa hulibeba joto kwa msafara mpaka nje ya sanduku.

Mkondo wa joto hufuata kanuni inayofanana sana na ile ya Ohm. Katika umeme, tofauti ya volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Katika joto, tofauti ya halijoto ni sawa na wati mara ukinzani wa joto, nao hupimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Na iwekwe hesabu ya mashine ile ya Rwamishenye ilipokuwa safi. Chumba chini ya bati, saa nane mchana, kina nyuzi 32. Hewa ndani ya sanduku imezidi ile ya chumba kwa nyuzi 8, basi ni nyuzi 40. Ukinzani wa njia kutoka silikoni hadi hewa hiyo ni nyuzi 0.5 kwa wati. Wati 65 mara 0.5 ni nyuzi 32.5. Kichakataji kitakuwa na nyuzi 72.5, na hakuna hatari yoyote.

Sasa miaka mitatu imepita. Vumbi la udongo limeingia, moshi wa jikoni umelifanya ligande, na wale wadudu wadogo warukao kutoka ziwani kwa makundi kama moshi wamefia kati ya mapezi. Krimu nayo imekauka na kupasuka. Ukinzani umepanda hadi nyuzi 0.9 kwa wati, na hewa ndani ya sanduku sasa huizidi ile ya chumba kwa nyuzi 14. Mchana: 32 na 14 na 58.5, jumla nyuzi 104.5. Vichakataji vingi hujilinda vifikapo karibu na nyuzi 100. Hupunguza mwendo kwanza, na hali ikizidi hukata umeme wenyewe. Usiku, chumba kikiwa na nyuzi 22, jumla ni nyuzi 94.5, na mashine yaendelea kufanya kazi.

Tarakimu hizi ni za mfano, lakini uwiano wake ndio wa kutazamwa. Tofauti ya mchana na usiku imeongeza nyuzi 10 tu. Uchafu umeongeza nyuzi 32. Jua limekuja mwisho, likaumwaga mtungi uliokuwa umejaa tayari. Fundi wa kwanza aliona kweli kwamba mashine huzimika mchana, lakini alichokiona ni wakati wa tukio, akakidhania kuwa ni chanzo.

Hesabu hiyo hiyo yaonyesha kwa nini kazi ni muhimu kama saa. Mtu akiandika barua tu, kichakataji huenda kikatumia wati 15. Ukinzani wa 0.9 mara 15 ni nyuzi 13.5, na hata mchana ule ule, pamoja na uchafu wote ule, joto halifikii nyuzi 60. Mashine chafu yaweza kuandika barua mwaka mzima bila kulalamika, kisha ikazimika siku ya kwanza ipewapo kazi nzito.

Kwa nini silikoni haipendi joto? Transista hufanya kazi kwa kufungua na kufunga njia ya umeme mara mabilioni kwa sekunde. Joto likipanda, chembe za umeme hugongana zaidi na atomi zinazotetemeka, na transista huchelewa. Wakati huo huo umeme uvujao kupitia transista iliyofungwa huongezeka, nao huzalisha joto jingine. Kumbukumbu huathirika kwa namna yake: kila biti huhifadhiwa kama chaji ndogo ambayo huvuja, kwa hiyo sharti ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64. Ikipita nyuzi 85 huhitaji kujazwa mara mbili zaidi. Mashine ambayo haizimiki bali huganda, au huonyesha ukurasa wa buluu wenye maneno ya makosa, huenda ina tatizo la kumbukumbu na si la kichakataji.

Washtakiwa wengine

Mtu asikimbilie kulikubali joto kabla ya kuutazama umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya kilovolti 132 ipitayo Masaka hadi Kyaka, na wakazi wake wajua vizuri maana ya taa kufifia. Chombo cha kugawia umeme ndani ya kompyuta huweza kuvumilia pengo la umeme la sehemu ndogo mno ya sekunde, kiasi cha milisekunde 16 hivi. Pengo refu kuliko hilo huizima mashine, hata kama balbu imepepesa tu na hakuna aliyetambua.

Hapa saa hutoa ushahidi. Umeme hudhoofika zaidi kati ya saa moja na saa nne za usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, pasi na televisheni. Joto la chumba huwa juu kabisa baada ya adhuhuri. Mashine izimikayo saa mbili usiku na taa zikafifia pamoja nayo haihitaji kufagiliwa mapezi. Yahitaji stabilaiza au betri ya akiba. Ile izimikayo saa nane mchana, redio ya chumba kile kile ikiendelea kuimba, yashukiwa kwa joto.

Mshtakiwa wa tatu ni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya ubao mkuu. Ndani yake mna kimiminiko ambacho hukauka polepole, na mafundi hukadiria kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Kapasita iliyokwisha huvimba kichwani au hutoa ute wa kahawia. Mashine nyingi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa na kapasita mbovu tangu kiwandani, na baadhi ziliuzwa Afrika ya Mashariki zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Kapasita ikivimba, fundi wa pili atakuwa amekaribia kweli. Lakini hata hivyo kapasita hubadilishwa moja moja, kwa bei ndogo kuliko ubao mzima.

Kupima

Chombo cha kwanza ni daftari. Kwa siku saba, kila mashine izimikapo, iandikwe saa, joto la chumba kwa kipimajoto cha ukutani, kazi iliyokuwa ikifanywa, na kama taa zilipepesa. Programu za bure zisomazo vipimajoto vilivyomo ndani ya kichakataji zapatikana kwa urahisi. Joto na liandikwe kila baada ya dakika mbili tangu mashine iwashwe, kisha mchoro uchorwe. Mchoro upandao taratibu na kukatika karibu na nyuzi 100 umekwisha kukiri kosa. Mchoro uliotulia katika nyuzi 60 na kukatika ghafla waelekeza kwenye umeme au kapasita. Katika mashine za Windows, kumbukumbu za matukio huandika tukio namba 41 baada ya kuzimika kwa namna hii. Wengi huliona wakadhani wamepata chanzo, kumbe tukio hilo lasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, jambo ambalo mwenyewe alikwisha kulijua.

Kisha libadilishwe jambo moja tu, mengine yaachwe kama yalivyo. Kazi nzito ile ile ifanywe usiku wa manane. Siku ya pili ifanywe mchana, sanduku likiwa wazi ubavuni na feni ya mezani ikielekezwa ndani. Ikiwa mashine iliyokuwa ikizimika kila baada ya dakika kumi sasa yafanya kazi saa mbili, njia ya joto ndiyo iliyoziba. Ikiwa yazimika vile vile, joto liachiliwe huru na upelelezi uelekee kwingine. Kosa la mafundi wengi ni kusafisha, kubadilisha krimu na kuweka stabilaiza siku moja; mashine hupona, na hakuna ajuaye kilichoiponya.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ndogo. Waya wa umeme uchomolewe kwanza. Brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli vyatosha kuondoa vumbi, feni ikiwa imezuiwa kwa penseli isizunguke kwa nguvu ya upepo. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwa sababu pumzi ina unyevu. Krimu iliyokauka ifutwe kwa spiriti na kupakwa mpya, kiasi cha punje ya mchele. Wako wanaotumia dawa ya meno badala yake. Hufanya kazi siku chache, maji yake hukauka, na ukinzani hurudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo. Sanduku la kugawia umeme lisifunguliwe na mwanafunzi kwa hali yoyote: kapasita zake huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine kubwa za zama zile zilikaa katika vyumba vyenye mitambo ya kupoza hewa, zikiwa na watu walioajiriwa kuzitunza. Kompyuta ya Rwamishenye haina hata kimoja cha hivyo. Mtunzaji wake ni mwalimu mwenyewe, na chumba chake cha kupozwa ni dirisha.

Zoezi

1. Kichakataji cha wati 35 kimo katika chumba chenye nyuzi 30. Hewa ndani ya sanduku imezidi ile ya chumba kwa nyuzi 10, na ukinzani wa njia ya joto ni nyuzi 1.2 kwa wati. Tafuta joto la kichakataji.

2. Ukinzani ungefikia kiasi gani ndipo kichakataji hicho kifike nyuzi 100?

3. Paa la chumba hicho limewekewa dari, na joto la chumba limeshuka kwa nyuzi 5. Linganisha faida ya dari na faida ya kusafisha mapezi, ikiwa kusafisha kwaurudisha ukinzani kutoka kiasi ulichokipata katika swali la 2 hadi kile cha swali la 1.

4. Chora mchoro wa joto dhidi ya wakati kwa kompyuta ya shule yako, tangu iwashwe hadi joto litulie. Eleza kwa nini mchoro haupandi kwa mstari ulionyooka.