Kabla ya Kuinua Gari la Kikundi



Katika kutembelea vikundi vya Thika na Ruiru nimeulizwa swali moja mara nyingi, hasa wakati wa mvua: "Gari yetu inagusa chini. Tuiinue?" Swali hili linahusu pesa za watu wengi na pia maisha ya watu, kwa hivyo tumelifanya somo. Lisomwe kwa sauti katika mkutano, mkisimama baada ya kila sehemu mjadiliane. Dereva awepo, mweka hazina awepo, na ikiwezekana fundi wenu aitwe pia.

SEHEMU YA KWANZA: TUTAZAME

Kikundi kimoja cha wafugaji upande wa Munyu, wanachama 26, kilinunua Land Rover Discovery ya mwaka 1996. Asubuhi gari lilipeleka maziwa, na likihitajika lilibeba wagonjwa mpaka hospitali ya Thika. Ninyi mnaokaa huko chini mnaijua ile ardhi nyeusi. Jua likiwaka ni kama simiti. Mvua ikinyesha ni gundi, na matairi ya trakta yanaacha mifereji unayoweza kulaza mbuzi ndani. Gari likawa linakwama na kugusa chini kila wiki.

Kikundi kiliomba mkopo katika mfuko wa maendeleo wa parokia, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kuunga mkono. Fundi wa jua kali alisema ni kazi ya asubuhi moja. Alitoa springi za nyuma katika Defender 110 iliyokuwa inavunjwa kuwa spea, ndefu na nzito, akazifunga nyuma ya Discovery. Mbele aliweka vipande vya chuma chini ya springi za zamani ili zipande. Shokabsoba za nyuma zilikuwa fupi, hazikufika tena. Akazifungua, akasema zitakuja baadaye. Kazi yote ilikuwa shilingi 22,000, bila risiti. Gari lilirudi kijijini likiwa refu, watoto wakapiga makofi.

Wiki ya tatu nilikuwa ndani ya gari hilo. Nyuma kulikuwa na mama mjamzito aliyeanza uchungu, pamoja na mitungi sita ya maziwa. Juu kwenye keria kulikuwa na magunia ya mahindi. Tukiteremka kuelekea kijito, gurudumu la nyuma lilizama katika shimo. Tulisikia kitu kimekatika. Pedali ya breki ikazama, ikabaki nguvu kidogo tu. Dereva, Mungu ambariki, aliweka gia ndogo na kuligeuza gari kwenye ukingo wa udongo. Likasimama. Mama alipelekwa na gari jingine, akajifungua salama.

Kilichokatika ni mpira wa mafuta ya breki. Hebu tuone kwa nini. Katika gari hilo shokabsoba ndiyo huzuia ekseli isining'inie kupita kiasi gurudumu linapoingia shimoni. Zilipofunguliwa, kilichobaki kuishikilia ekseli ni ule mpira wa breki, ambao haukutengenezwa kuvuta chochote. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.

Kwenye mkutano dereva alimlaumu mweka hazina, mweka hazina akamlaumu fundi. Mimi nilinyamaza kwa sababu katika ile barua yangu niliuliza bei peke yake. Hata fundi siandiki kumlaumu. Aliambiwa ainue gari, akaliinua. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza juu ya breki.

SEHEMU YA PILI: TUELEWE

Baadaye tulimpata mzee mmoja wa Ruiru aliyezeeka na Land Rover. Hakugusa spana. Alisema kwanza apelekwe mahali gari linapogusa. Alilala chini ya gari na chaki, akaweka alama kila mahali palipokwaruzwa. Alama zilikuwa mbili: kwenye difu, ule mpira wa chuma ulio katikati ya ekseli, na kwenye chuma cha kuvutia trela nyuma. Akatuambia, "Mlilipa kuinua mwili, na kinachogusa ni mguu." Haya ndiyo aliyotufundisha.

Kwanza, springi haiinui difu. Springi inakaa kati ya ekseli na bodi. Ukiweka ndefu, bodi inapanda lakini ekseli inabaki pale pale, kwa maana imeshikwa na magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake, na hata hapo unapata nusu tu: tairi likiongezeka sentimita 5 kwa kimo, difu inapanda sentimita 2 na nusu. Tena tairi kubwa hudanganya mita ya spidi. Ukitoka tairi la kimo cha sentimita 70 ukaweka la 75, mita ikisema 80 wewe unakwenda karibu 86. Linaweza pia kukwaruza bodi ukikata kona.

Pili, spea ya gari jingine inaweza kufaa, lakini si kila inayoingia inafaa. Range Rover ya mwaka 1970 ilitoka na springi za koili, Land Rover 110 ikafuata mwaka 1983, na Discovery ya kwanza ya mwaka 1989 ilijengwa kwa muundo huo huo. Ndiyo maana springi za Defender zinakaa kwenye Discovery. Hapa kwetu Defender si ngeni, kwa sababu kiwanda cha Thika, kilichoanza miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya na baadaye KVM, kiliunganisha Land Rover kwa miaka mingi. Lakini springi hizo si za aina moja. Kuna za mzigo mzito na za mzigo mwepesi, na kuna alama za rangi za kuzitofautisha. Ya mzigo mzito kwenye gari tupu hurusha abiria kama punje za mahindi kwenye kikaango.

Kwa magari yenye springi za vyuma vilivyopangwa moja juu ya nyingine, pimeni upana kwa rula kabla ya kulipa. Za Hilux ni milimita 60, za Land Cruiser kubwa ni 70, za Land Rover ya zamani ni inchi 2 na nusu. Kwa macho zinafanana. Chuma cha springi kilichopasuka au kuliwa na kutu kisinunuliwe hata kikiwa bei ya bure. Na springi ya aina yoyote isichomelewe wala kukatwa kwa moto wa gesi. Moto unaondoa ule ugumu wake wa kurudi, na siku moja inavunjika ghafla.

Tatu, springi haisafiri peke yake. Ukiinua bodi, kila kitu kinachounganisha bodi na ekseli kinavutwa:

- Shokabsoba lazima ziwe ndefu za kutosha.
- Mipira ya breki lazima ilegee hata ekseli ikining'inia mwisho kabisa.
- Propela inakaa kwa pembe kali zaidi. Mkisikia gari linatetemeka, viungo vyake vinakufa.
- Usukani unaweza kulegea. Tazameni baiskeli: ile foku ya mbele imelala kidogo, ndiyo sababu baiskeli inajinyoosha yenyewe. Gurudumu la mbele la gari lina mlalo kama huo. Discovery ikiinuliwa mlalo unapungua, na gari linaanza kutangatanga barabarani. Kuna bushi maalum za kurekebisha.
- Baadhi ya pickup kama Hilux zina fimbo ndogo kati ya ekseli ya nyuma na valvu ya breki. Bodi ikipanda, valvu inafikiri gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, hata kama mmebeba tani.
- Taa za mbele zinapanda na kuwapofusha wanaokuja. Zirekebishwe siku hiyo hiyo.

Nne, gari refu hupinduka upesi. Tufanye hesabu ya mfano. Chukueni nusu ya upana kati ya matairi, tuseme sentimita 74. Gawanyeni kwa kimo ambapo uzito wa gari umekaa, tuseme pia 74. Jibu ni 1. Inueni gari sentimita 5: 74 kwa 79 ni 0.94. Wekeni magunia kwenye keria, uzito upande mpaka 84: jibu ni 0.88. Kadiri jibu linavyoshuka, ndivyo kona na mteremko wa pembeni unavyoweza kulilaza gari. Katika mfano huu magunia yanazidisha hatari karibu sawa na kuinua gari kwenyewe.

SEHEMU YA TATU: TUPIME KWA IMANI

Someni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12. Mtakatifu Paulo anafundisha kwamba mwili una viungo vingi, na kimoja kikipata taabu vingine vyote vinashiriki. Mzee wa Ruiru alifundisha hivyo hivyo akiwa chini ya gari. Kikundi nacho ni mwili. Dereva alijua shokabsoba hazipo, lakini hakusema kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mweka hazina alitaka kuokoa pesa zenu, na hilo si kosa. Mimi nilikuwa na haraka ya kuandika ripoti kwamba mradi unaendelea. Kila kiungo kilifanya kazi yake peke yake.

Someni pia Luka 14, aya ya 28 hadi 30, juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuhesabu gharama ni zaidi ya kuuliza bei. Ni kuuliza: nani atakaa ndani ya gari hili? Yule mama hakuwa mwanachama. Hakupiga kura ya kuinua gari, na ndiye aliyekuwa karibu kulipa.

SEHEMU YA NNE: TUTENDE

Mwishowe kikundi kilifanya hivi. Vile vipande vya chuma vya mbele vilitolewa. Springi za Defender zilibadilishwa, zikawekwa za mzigo wa kadiri, nne zinazolingana. Shokabsoba ndefu zikanunuliwa mpya, na mipira ya breki mirefu mipya. Spea nyingine mtanunua za mitumba, lakini mpira wa breki wa mitumba usikubalike kamwe. Chuma cha trela kiliondolewa, maana trela hawana. Matairi yalibaki ya kimo cha kawaida. Keria ikapigwa marufuku kwa mzigo mzito. Gharama ilikuwa shilingi 57,000 juu ya zile 22,000 za kwanza.

Na ile difu? Hiyo ilitibiwa kwa majembe. Jumamosi mbili wanachama walitoka, wakachimba mtaro wa kuondoa maji na kujaza mawe na changarawe mahali pawili palipokuwa pabaya zaidi. Sehemu iliyobaki waliiandikia barua ofisi ya wadi, na nakala wanayo. Walitaka kuinua gari, wakajikuta wanainua barabara, na sasa hata bodaboda wanapita.

Kwa kikundi chochote kinachofikiria kazi hii, fuateni hatua hizi:

1. Tafuteni kwanza gari linagusa wapi. Tumieni chaki.
2. Ulizeni kama kupunguza mzigo au kurekebisha barabara kutatosha.
3. Kama ni lazima kuinua, msizidi sentimita 5, na mwandike kila kitakachobadilishwa pamoja na springi. Fundi aweke sahihi na atoe risiti.
4. Kabla ya kazi, ulizeni wakaguzi wa magari wa NTSA kama mabadiliko hayo yanakubalika, na mwarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Msingoje ajali ndiyo mjue bima haiwatambui.
5. Siku ya kupokea gari, liinuliwe kwa jeki upande mmoja mpaka gurudumu lining'inie, na stendi imara ziwekwe chini ya chesisi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tazameni mpira wa breki. Ukikaza kama uzi wa gitaa, gari lisitoke gereji.
6. Lijaribiwe bila abiria, kwanza tupu, halafu na mzigo. Baada ya siku chache bolti zote zikazwe tena.
7. Dereva awe na ruhusa ya kukataa safari, na asiadhibiwe kwa hilo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua kasoro na hajaulizwa?
2. Mara ya mwisho tuliponunua kitu cha bei nafuu, gharama nyingine zilikuja wapi?
3. Kuna mahali gani katika barabara yetu ambapo Jumamosi mbili za kazi zingetusaidia kuliko spea?
4. Ni watu gani wanaopanda gari letu bila kuwa na sauti katika mikutano yetu? Tutawasikilizaje?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na mtu mmoja achaguliwe kufuatilia kila jambo mliloamua. Kabla ya kufunga kwa sala, mwombeeni dereva wenu, mkimtaja kwa jina.